Nguo Isiyofuliwa

Jumatatu, 3 Machi

Na hapo ndipo uliponikatiza, dada, ukasema kila bibi harusi husema hivyo hivyo, ningoje kwanza mvua inyeshe ndani ya nyumba ndipo nikusimulie. Basi imenyesha. Leo alfajiri paa limevuja juu ya kitanda. Mwenzangu akaamka, akakisogeza kitanda mimi nikiwa juu yake, polepole kama anayesukuma mkokoteni wa mayai, akatega sufuria palipovuja, akarudi kulala. Sikufumbua macho. Nilitaka adhani sijui. Niambie ni nani mwingine mwenye mume wa namna hii.

Daftari ulilonipa siku ya harusi ninalitumia kama ulivyoagiza: niandike kila kitu, nisije nikakusimulia mambo kwa mafungu kama muuza nyanya.

Leo pia nimeanza kazi. Kituo kina vyumba vitatu na ua katikati. Wasichana huja asubuhi na watoto wao, wengine na matumbo yao, wanasoma mpaka saa nane, wanarudi makwao. Mimi nakaa chumba cha watoto. Watoto tisa, vikapu tisa ukutani. Msimamizi ni mama mmoja mrefu, funguo zinaning'inia shingoni, hacheki. Wasichana humwita Kufuli. Kwa siri, ingawa nadhani anajua.

Kila kikapu kina nguo moja ya mama wa mtoto: blauzi, fulana, hata gauni la kulalia. Msichana hulala nayo Jumamosi na Jumapili, Jumatatu anaileta, inakaa na mtoto wiki nzima.

"Hizi hazifuliwi hapa," akasema Kufuli. "Mwenyewe anafua Ijumaa, kwake. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Zinanuka, dada. Maziwa yaliyochacha, jasho, moshi. Nikajisemea moyoni, huu ni uvivu, umepewa jina la utaalamu tu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mwenzangu ameniandikia jina langu kwa chaki kwenye mlango wa karakana yake. Limefutika kabla ya adhuhuri, akaandika tena.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki moja. Nimeshawajua kwa vilio.

Yupo msichana anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Ana miaka kumi na saba na pacha wawili. Leo kaniuliza mbele ya wenzake, "Dada bibi harusi, mumeo akikuita jikoni huwa anakuita nani?" Nikasema, "Ananiita mke wangu." Wakaangua kicheko. "Subiri," akasema Redio, "atakuita 'wewe' kabla mvua haijakatika."

Na yupo Penseli. Miaka kumi na sita. Penseli imechomekwa nyweleni saa zote, hata anaponyonyesha. Mwanawe wanamwita Bonge, miezi saba, mashavu kama maandazi. Penseli hacheki wala halii. Ukimwuliza jambo anakujibu kama anasoma orodha. Mtoto amelala? Amelala. Umekula? Nimekula. Baba wa mtoto? Hayupo.

Mtihani wa kurejea shuleni ni tarehe saba na nane Aprili, Lugha siku ya kwanza, Hisabati ya pili. Wanne wataufanya. Kufuli anasema mwenye uhakika ni Penseli peke yake. Lakini baba yake, ambaye ni mwashi, kampa nafasi hiyo moja. Akikosa, anabaki nyumbani, mwisho wa barabara ya basi, na habari ya shule imekwisha. Redio ndiye aliyenieleza. Penseli alikuwa hapo hapo, akitikisa kichwa kukubali, kama vile anazungumziwa jirani.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Watoto tisa, nepi ishirini na sita.

Jumatano, 19 Machi

Bonge hanywi chupa. Maziwa ya mama yake, aliyoyakamua asubuhi, nayatia kwa kijiko, na hata hivyo ni sharti gauni la mama liwe limemgusa shavu. Ni gauni la rangi ya samawati iliyokwisha, mkono mmoja umechanika. Ukiliondoa anafungua macho tu. Hujui kalionaje, maana alikuwa amesinzia.

Nimemsimulia mwenzangu. Akasema, "Hata mimi ukiondoka nitalalia shati lako." Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Jumatatu, 31 Machi

Jana tumetimiza miezi miwili ya ndoa. Kanizawadia fremu ya kuanikia nguo, kaichomelea mwenyewe, ngazi tano, magurudumu manne ya mkokoteni wa zamani. Unaisukuma ndani mvua ikija, unaitoa jua likitoka. Kaipaka rangi ya kijani. Wewe unanijua, dada, tangu utotoni mimi na sabuni ni ndugu. Nimeiambia karibu mtaa mzima. Kesho kutwa anaanza nyingine, ya kituo, bure, kwa ajili yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Lugha imepita. Penseli ametoka na uso ule ule.

Bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu ndiye anayesimamia mtihani. Asubuhi alipitia chumba cha watoto, akasimama mlangoni, akatoa leso akaziba pua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Saa tisa wasichana walikuwa wameshaondoka na watoto wao. Nguo zao hubaki vikapuni mpaka Ijumaa. Kufuli alikuwa amepeleka karatasi za mtihani ofisi ya elimu. Mwenzangu akaingia uani akisukuma fremu mpya, nyeupe, inang'aa kama jino. Tulivyoifurahia, dada. Akaondoka, nikabaki naichezea, naisukuma huku na huku, haina nguo hata moja. Kisha nikatazama vile vikapu.

Nimefua zote tisa. Nimeloweka, nimesugua, nimesuuza mara tatu. Nimeshona na ule mkono wa gauni la samawati.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nguo zilikuwa bado mbichi, na zote zilinuka kitu kimoja: sabuni ya mche.

Wasichana walifika wamechelewa, wamelowa, wanakimbilia madarasani. Penseli kanikabidhi Bonge mlangoni. Akasema, "Maziwa yako kwenye kikombe chenye kifuniko." Hakutazama kikapu.

Saa tatu mtihani ukaanza. Chumba chao kiko ng'ambo ya ua, kama hatua kumi na tano. Saa tatu na nusu watoto wakaanza. Mmoja, halafu pacha wa Redio, halafu wote. Nilibeba wawili wawili. Niliimba. Nilizikausha nguo kwa pasi ya mkaa nikawapa, wakazisukuma. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba mimi mwenyewe niliyekuwa ndani ya chumba niliwasikia kwa mbali, nikamshukuru Mungu kwa mvua ile.

Bonge hakunywa hata kijiko. Yeye analia mpaka anashika pumzi, midomo inabadilika rangi, halafu pumzi zinarudi. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Saa nne na robo mvua ikakatika. Si kupungua. Ilikatika kama mtu aliyefunga bomba. Na katika ukimya ule kilio cha Bonge kikavuka ua.

Nilimwona Penseli kupitia dirisha. Aliinua kichwa. Akaandika kidogo. Akainua kichwa tena. Bwana wa mtihani akasema kitu, nadhani alimkumbusha kwamba atokaye harudi. Penseli akachomoa penseli mkononi mwake kwa mkono mwingine, kama mtu anayemchukua mtoto kwa mwenzake, akailaza juu ya karatasi, akaja.

Hakukimbia. Aliingia, akamchukua Bonge, akaketi chini akamnyonyesha. Kikawa kimya. Kisha akanyoosha mkono akaliokota gauni la samawati, akalipeleka puani. Akauona mkono niliokuwa nimeushona. Akanitazama.

Laiti angenitukana.

Kufuli akaja na bwana yule nyuma yake na fomu mkononi. "Mtoto ana nini?" akauliza.

Nilisema, "Homa."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilikuwa limeshatoka.

Jumatano, 9 Aprili

Fomu ina sehemu mbili. Mtoto akiwa mgonjwa, mama anapewa karatasi nyingine baadaye. Asipokuwa mgonjwa, mama ametoka kwa hiari. Jana hiyo hiyo walimpeleka Bonge zahanati. Muuguzi akapima, akapima tena. Hana homa. Hana hata mafua.

Kwa hiyo imeandikwa: ametoka bila sababu. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo: ametumia mtoto kama kisingizio.

Penseli aliulizwa. Akajibu, "Mtoto alilia."

Ijumaa, 11 Aprili

Baba yake Penseli amekuja kumchukua. Mtu mfupi, saruji kwenye kucha, kavua kofia mlangoni na hakuivaa tena. Alisema, "Nilimpa nafasi moja, mwalimu. Watu walinicheka nilipompa hiyo moja." Kufuli akasema, "Najua, baba." Mimi nilikuwa nafuta sakafu iliyokuwa safi.

Penseli alikunja kila kitu. Gauni la samawati akaliacha.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemweleza mwenzangu yote. Kanikumbatia muda mrefu. Kasema, "Mke wangu, nyamaza tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukisema utafukuzwa kazi, na yule msichana hatarudi kwa sababu umefukuzwa." Sauti yake ilikuwa tamu kama siku zote. Niliisikia kama unavyosikia redio ya jirani. Maneno unayapata, lakini huambiwi wewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Kwenye ubao wa ofisi kuna tangazo lililokuwapo siku zote, sikuwahi kulisoma. Malalamiko kuhusu mtihani yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini, na aliyekuwa zamu ndiye atakayeandika.

Aliyekuwa zamu ni mimi. Mwisho ni tarehe nane Mei.

Watoto wanane.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Zimebaki siku kumi na sita.

Natarajia kulia na silii. Jana mwenzangu kaleta kuku mzima, kampika mwenyewe, kaniita malkia. Nikala. Nikasema asante. Nikahesabu mifupa kwenye sahani. Ananitazama kama mtu aliyebonyeza swichi na taa isiwake, akabonyeza tena.

Wasichana wanaleta nguo zao kama kawaida. Zinanuka vile vile, na watoto wanalala. Kikapu cha tisa hakuna aliyekiondoa. Gauni bado limo, safi, limekunjwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Redio kakaa na mimi saa ya chakula. Kisha akasema, "Mimi napita kwao nikienda kwa bibi yangu. Anachota maji, anapika, anabeba mtoto. Nikamuuliza, unasoma? Akasema vitabu vimelowa."

"Kavilowesha nani?"

"Mvua. Nani mwingine?" Akanitazama. "Dada bibi harusi, siku ile nguo ya pacha wangu ilinukia sabuni. Nilidhani nimekosea kikapu."

Nikasema nina kazi. Akasema, "Najua una kazi. Hata sisi tuna kazi."

Jumatatu, 28 Aprili

Siku kumi. Mvua imepungua. Nepi ishirini na moja.

Nilikuwa nikimwona Kufuli kama ukuta. Leo nimemwona akipita chumba cha watoto kabla hajajua kuwa nipo. Alisimama kwenye kikapu cha tisa, akalisogeza gauni inchi moja, akalirudisha. Halafu akaniona. Akasema, "Dirisha hilo lina ubaridi, funga." Nikafunga.

Ijumaa, 2 Mei

Sikuandika kwa sababu hakuna kitu. Ninaamka, naenda, narudi. Sikumbuki kama nimeoga au nimenuia tu.

Jumanne, 6 Mei

Jioni mwenzangu alikuwa anatia mafuta magurudumu ya fremu yetu. Nilimuuliza, "Ukichomelea dirisha vibaya na mwenye nyumba hajajua, unafanyaje?"

"Narudi nalikata."

"Hata kama ameshakusifu?"

Aliacha kuzungusha gurudumu. Akafuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja. Baadaye akasema, "Nilikwambia unyamaze kwa sababu nilitaka ulale. Na hulali. Nakusikia."

"Nitafukuzwa."

"Basi utanisaidia karakana. Utanipigia kelele nikichafua." Akajaribu kucheka. Halafu akasema, "Nilikosea, mke wangu. Nilikupenda vibaya siku ile."

Sikulia hapo pia. Lakini mkono wake niliusikia begani, uzito wake hasa, na joto.

Jumatano, 7 Mei

Nimeingia ofisini saa mbili kasoro. Nikasema nikiwa nimesimama, kabla hajaniambia nikae. Nilifua zile nguo. Ulinikataza nikazifua. Bonge hakuwa na homa, mimi nilisema uongo. Penseli hakusema lolote, ni mimi.

Kufuli hakushtuka. Akavua ufunguo mmoja shingoni, akafungua kabati, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya malalamiko, imejazwa kila mahali isipokuwa sehemu ya aliyekuwa zamu. Na penseli, ile ile, iliyotafunwa mwishoni.

"Ulijua," nikasema.

"Nina pua, binti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekana. Watu hukana wakiwa na hofu, na ukishakana kwa maandishi, basi. Mimi sikuwa zamu, karatasi yangu haina nguvu." Akasogeza kiti. "Nimekusubiri siku ishirini na tisa. Usidhani ilikuwa rahisi. Kaa uandike."

Niliandika kurasa mbili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na hilo lilinishangaza. Alipomaliza kusoma akasema, "Umeandika 'kwa bahati mbaya'. Futa."

Nikafuta.

Nimepewa barua ya onyo. Mwezi huu sitakaa peke yangu na watoto. Napiga deki, nafua nepi, naosha vikombe. Mwenzangu aliponiuliza imekuwaje nikasema, "Nafua." Tukacheka wote wawili, kidogo, kama watu wanaojaribu viatu vipya.

Alhamisi, 8 Mei

Kufuli kaipeleka barua mwenyewe. Kwa miguu, kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki njiani akarudi kukichukua.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. Jibu limekuja. Penseli anaruhusiwa kurudia Hisabati tarehe nne Juni, hapa hapa kituoni. Yale maneno ya pembeni yamekatwa kwa mstari mwekundu.

Kufuli akampigia simu baba wa Penseli, akaniita nisikilize. Mzee aliuliza tarehe mara mbili. Akasema, "Na mtoto atashikwa na nani saa tatu zote hizo? Huyo huyo aliyemliza?"

Kufuli akanipa simu.

Nikasema, "Ndiyo, baba. Huyo huyo, kama utakubali."

"Wewe ndiye uliyesema homa."

"Ndiye mimi."

Nikasikia anapumua. "Uje uyaseme hayo hapa kwangu, mbele ya binti yangu, uso kwa uso. Halafu tutaona mtoto anasemaje."

Jumanne, 20 Mei

Nimemuuliza Kufuli mtoto aliyeniona siku ile mbaya atanizoeaje kwa wiki mbili. Akanitazama kama ninayeuliza maji yanalowesha vipi. "Kwani hapa tunafanya nini kila Jumatatu?"

Ijumaa, 23 Mei

Nimelivaa gauni la samawati la Penseli siku tatu mfululizo, dada, mimi, unayenijua. Nimelala nalo, nimepikia nalo, nimefulia nalo nepi za watu. Mwenzangu jana kasogea pembeni ya kitanda, akasema kwa heshima zote, "Mke wangu, unanuka." Nikamwambia ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyoniambia tangu tuoane. Akacheka mpaka jirani kagonga ukuta, na hapo, sijui kwa nini hapo, nikalia. Nililia kwa muda mrefu. Yeye alishika sufuria akidhani paa limevuja tena.

Mkono niliokuwa nimeushona nimeufumua. Umerudi kuchanika kama alivyouacha.

Leo Redio anakwenda kwa bibi yake, na njia yake inapita kwao. Nimemkabidhi gauni ndani ya mfuko, na penseli, na karatasi hii ambayo nainakili hapa ili nawe uijue:

"Penseli, kosa lilikuwa langu na uongo ulikuwa wangu, na nitakuja kuyasema hayo mbele ya baba yako. Usilifue gauni hili. Mlaze Bonge nalo upande mmoja, na lako upande wa pili, azoee. Anza kujisomea pale karatasi yako ilipoishia, swali la tisa, mama msimamizi kaniambia. Nitakuja kwa basi la kwanza, na nguo nitakayokuwa nimeivaa itanuka vile vile, na nitakaa mpaka Bonge aamue. Nitakuja kabla mwezi haujaisha."